Mnara Uliomsikia Semeni

Nchi ya Kiitikio haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayedhani amewahi kuiona mahali ajue ni macho yake hayo, mimi simo. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina mihogo ya kutosha, na ina Rais ambaye jina lake halitajwi ovyo, bali huitwa Mtukufu Msikivu. Kazi ya Mtukufu ni kusikia, kazi ya raia ni kuitika, na kwa mgawanyo huo watu waliishi bila ugomvi mpaka simu zilipozidi.

Zilipozidi, hazikusikilizana tena. Mnara wa mji mkuu ulikuwa na antena moja, nayo iliwapigia watu wote kelele kwa mpigo mmoja kama mtangaza mnada. Siku za sikukuu mtu alimpigia shangazi yake kumpa mkono wa Idi, akaishia kusikiliza ugomvi wa mume na mke asiowajua. Watu walivumilia, maana kuvumilia katika Kiitikio hufundishwa tangu darasa la kwanza. Lakini siku moja Mtukufu mwenyewe alimpigia mpishi wake kuulizia supu, na sauti ya mashine ikamwambia kwamba mteja anayempigia hapatikani. Mpishi alikuwa chumba cha pili. Kabla supu haijapoa mpishi alikuwa amefukuzwa, Waziri wa Mawasiliano amefukuzwa, na Wizara ya Kusikika imeundwa.

Wizara ilianza na bango, kama inavyopasa. Lilitakiwa kusema KILA RAIA ASIKIKE, ila fundi rangi aliruka herufi moja, likatoka KILA RAIA ASIKIE. Kosa hilo liligunduliwa Mtukufu akiwa ameshasimama chini ya bango na mkasi wa utepe mkononi. Alilisoma kwa sauti, akatabasamu, akasema hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyatafuta maisha yake yote. Ile k haikurudishwa.

Mtu aliyepaswa kuirudisha alikuwa Bwana Mzamilu Kitwana, mhakiki wa maneno wa Wizara. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, sauti nzuri ya kusomea taarifa, na mtoto mmoja tu wa kike. Tangu ujana wake alishika kanuni moja, kwamba neno lililompendeza mkubwa halina kosa la tahajia. Kanuni hiyo ilimlea vizuri, ikamjengea nyumba na kumsomeshea binti.

*

Mnara mpya ulisimamishwa juu ya mlima unaotazama nchi nzima, ukabandikwa antena nyingi hata kunguru wakakosa pa kutua, na lile bango likahamishiwa chini yake. Mhandisi Pazi, aliyeusimamia, aliitwa kuueleza mbele ya Baraza.

"Waheshimiwa," alisema, "mmewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja? Kila mmoja ana mchi wake, na michi haigongani, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake. Antena hizi ndivyo zifanyavyo. Zote hutuma sauti ileile, hii ikitangulia kidogo, ile ikichelewa kidogo, mpaka mawimbi yakutane kwenye simu ya mtu mmoja. Kwake yanajumlika, anasikia vizuri. Kwa jirani yake yanapingana, yanauana, jirani hasikii kitu. Basi watu wote wanazungumza kwa pamoja, na hakuna anayemwingilia mwenzake."

"Jirani hasikii kitu?" aliuliza Waziri mpya, Mheshimiwa Kishindo, ambaye mpaka hapo alikuwa akisinzia.

"Hasikii kitu, Mheshimiwa."

"Na ukitaka, hayo yanayouana unaweza kuyakutanisha mahali pamoja makusudi? Pakafa kabisa?"

"Inawezekana. Sisi mafundi tunapaita shimo."

Mheshimiwa Kishindo hakusinzia tena siku ile.

Palikuwa na tatizo moja. Ili mnara ujue kila mtu yuko wapi, sharti umwite, na simu yake iitike kwa mlio usiofanana na wa mwingine. Milio ilikuwa michache, raia walikuwa wengi. Wawili wakipewa mlio mmoja, alisema Mhandisi Pazi, mnara utamdhania huyu kuwa yule. Baraza likainama. Ilikuwa aibu kubwa kwa nchi iliyojaa watu wa kuitika kupungukiwa na miitiko.

Hapo Bwana Mzamilu akainua mkono. "Waheshimiwa, kwani shida iko wapi? Tuwape wajina mlio mmoja. Kwetu sisi mtu na wajina wake ni damu moja. Wanaitana somo, wanapeana zawadi, hawaoneani. Huyu akiitwa, yule akisikia, kuna ubaya gani? Wajina ni mtu mmoja aliyeumbwa mara mbili."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi, Mtukufu naye akapiga. Mhandisi Pazi alisema, kwa sauti ndogo, kwamba mnara haujui mambo ya somo. Kisha akaona mikono ya Waziri inapiga makofi, naye akapiga.

Bwana Mzamilu akatoka pale ni Mkurugenzi wa Miito, mwenye gari, dereva na mlango unaofunguliwa na mtu mwingine.

*

Tangu hapo, kila alasiri Mtukufu alipoamka usingizi wa mchana, mnara uliita. Uliita raia mmoja mmoja kwa jina, wote kwa wakati mmoja, na kila mtu alisikia jina lake tu. Wanaume waliitika "Labeka," wanawake "Abee." Sauti iliyoita ilikuwa ya Bwana Mzamilu mwenyewe, iliyorekodiwa kwa uangalifu mkubwa, maana hakuna aliyeyatamka majina ya watu kwa upole kama yeye.

Wazee walinung'unika kidogo. Walikuwa wamefundishwa na mabibi zao kwamba mtu akiitwa na asiyemwona asiitike, huenda ni jini. Wizara ikatoa taarifa kwamba Serikali si jini. Wazee wakasema wamekuwa wakijiuliza siku nyingi, na wanashukuru kuambiwa.

Haki lazima isemwe, simu zilikuwa nzuri. Maneno yalifika yakiwa safi, mtu wa bondeni alimsikia wa mlimani akimeza mate. Na kwa aliyetumia neema hiyo vibaya lilikuwako shimo. Jina lake lilipelekwa kwa Mkurugenzi wa Miito, naye Mkurugenzi alitamka mbele ya kipaza sauti cha mnara maneno mawili, jina na amri: Fulani, nyamaza. Antena zilifanya mengine. Simu ya Fulani haikupiga wala kupigiwa, na haikuzimika, maana simu za Kiitikio hazina pa kuzimia. Kilichopenya shimoni kilikuwa Mwito wa alasiri na muitiko wake tu. Hilo lilikuwa la lazima, kwani mtu asipoitika mnara utajuaje pa kulichimba shimo lake upya?

Tena shimo halikuwa jembamba. Aliyemsogelea Fulani simu yake nayo ilikufa, na mtu aliyeonekana na simu iliyokufa ghafla, au bila simu kabisa, aliulizwa alikuwa akifanya nini huko. Basi watu walijifunza kusimama mbali. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto wa kulea, kama wewe.

*

Binti ya Bwana Mzamilu aliitwa Semeni. Ni jina la kale, walilopewa wengi. Alikuwa ameolewa na mwalimu mmoja, Faraji, wakaishi kijiji cha Dungu, chini ya mlima wa mnara, saa chache kwa gari kutoka mji mkuu. Mwaka huo Semeni alipata mimba yake ya kwanza.

Mama yake, Bi Mashavu, alianza kutandika chumba mapema. Mimba ya kwanza hurudi nyumbani, binti hujifungua mikononi mwa mamaye, na jambo hilo Bi Mashavu hakuona kama lina mjadala.

"Baba Semeni, mtume dereva akamchukue mtoto," alisema.

Bwana Mzamilu alikohoa. Alikuwa ameshalisema jambo hilo kwa Waziri, kwa furaha tu, kama mtu anayetarajia mjukuu, na Waziri alikuwa amekunja uso.

"Mheshimiwa anasema haitapendeza," alimjibu mkewe. "Tumewaambia wananchi umbali umekwisha. Sasa binti ya Mkurugenzi wa Miito akisafirishwa kuja kujifungulia kwa mama yake, watu watasema mnara ni wa nini? Uchungu ukianza atapiga simu. Mkunga wa wilaya atasikia, gari la wagonjwa litasikia, wewe utasikia. Utafika kabla hajamaliza kusema."

"Mimi simu haijawahi kunishika mkono nikizaa."

"Mama Semeni, usiniaibishe."

Semeni mwenyewe hakulalamika. Alikuwa mtoto wa adabu. Tangu akiwa mdogo, akiitwa na baba yake hata akiwa juu ya mti aliitika kwanza, kisha ndipo akateremka. Alipiga simu akasema, "Haidhuru, baba. Nitakaa huku huku. Nikisikia uchungu tu nakupigia." Na kila alasiri sauti ya baba yake ilipomwita, alitoka kizingitini akaitika "Abee" kwa sauti ya wazi, akicheka, hata majirani wa Dungu wakawa wanajua saa kwa muitiko wake.

*

Ng'ambo ya mto, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Dungu, aliishi Semeni mwingine. Huyu alikuwa mtu mzima, mjane, na kazi zake zilikuwa mbili: kupamba maharusi na kuosha maiti wa kike. Watu walimwita Bi Semeni Mwosha. Hakuupenda Mwito. Simu yake aliitia ndani ya ndoo ya pamba na kafuri, na alasiri ilipomwita huko ndooni aliitika akijisikia, na mara nyingi hakujisikia, wala hakuna aliyegundua, maana mlio wa Semeni ulikuwa umeshasikika kutoka kwingine.

Siku moja alimwambia dada yake kwa simu, "Mwaka huu nimeosha wazazi wengi kuliko maharusi niliopamba. Wanakufa wakijifungua kama vile ndiyo desturi. Zahanati yetu haina mkunga, ina bango."

Maneno hayo yalisafiri bila mkwaruzo mpaka sikioni mwa dada yake, na kwa kuwa ufundi ulikuwa wa hali ya juu, yalifika na Wizarani.

Asubuhi iliyofuata Bwana Mzamilu aliletewa jina. Alilisoma mara mbili. Aliwaza kwamba hilo ni jina la mwanawe. Aliwaza kumuuliza Mhandisi Pazi kama mnara utajua yupi ni yupi. Lakini Mheshimiwa Kishindo alikuwa amesimama mlangoni akingoja, na kumuuliza Pazi kungekuwa sawa na kusema kwamba lile wazo la wajina, lililompa gari, lilikuwa na ufa. Akajiambia mnara wenye masikio mengi namna ile hauwezi kukosea mtu. Akakisogelea kipaza sauti.

"Semeni," alisema kwa sauti yake ya upole, "nyamaza."

Alasiri hiyo mnara ulimtafuta Semeni. Huku ng'ambo ya mto palikuwa na ndoo isiyosema kitu. Kule Dungu palikuwa na sauti changa, safi, iliyosimama kizingitini ikaitika bila kuchelewa. Mnara hauna roho mbaya, hufuata unapomsikia mtu. Ukachimba shimo Dungu.

*

Siku zikapita bila Semeni kupiga, na Faraji hakuthubutu kupiga kutoka nje ya shimo, maana mume wa aliyenyamazishwa husikilizwa kuliko wote.

"Mtoto kimya," alisema Bi Mashavu.

"Kimya ni heri," alisema mumewe. "Angekuwa na shida angepiga. Na muitiko wake unakuja kila siku, nimewauliza vijana wa mnarani. Wanasema Semeni anasikika vizuri sana."

"Basi mpigie wewe."

Alimpigia asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mkewe amesimama mbele yake na upawa mkononi.

"Semeni?"

"Abee."

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyekula chumvi nyingi.

"Wewe nani? Mpe simu mwanangu."

"Umemwita Semeni, Semeni ameitika. Wewe ndiye useme u nani."

"Mimi ni baba yake!"

"Baba yangu yuko kaburini siku nyingi, Mungu amrehemu," ilisema ile sauti. "Ahaa, ngoja. Basi wewe ndiye. Siku hizi zote simu za mwanao zinakuja kwangu. Mkunga wa wilaya ananiuliza uchungu umeanza? Mimi, na mvi hizi! Mwingine ananiuliza nguo za mtoto zimefika? Nikasema hapa pana wajina wangu mahali, ana mimba, watu wanamtafuta na hawampati. Yuko wapi?"

Bwana Mzamilu aliona mara moja kwamba mlio ni mmoja, shimo limechimbwa kwa mwanawe, na simu za mwanawe zinaangukia kwa wajina. Alikuwa ameshaelewa yote, tangu kinu na michi mpaka maneno yake mwenyewe mbele ya kipaza sauti.

"Baba, nakuuliza yuko wapi. Mimi nina miguu."

"Dungu," alisema. "Kwa mwalimu Faraji."

Simu ilikatwa bila kuaga.

Bi Mashavu alikuwa ameshavaa kanga ya pili na yuko mlangoni. "Twende Dungu."

"Nipitie kwanza Wizarani," alisema Bwana Mzamilu. "Lazima amri itenguliwe. Haichukui muda."

Nitamtetea katika mengi, maana nilisema ni mtu mpole, lakini katika hilo simtetei.

*

Wizarani walikuwa wakifanya mazoezi ya sherehe ya Mnara. Walingojeshwa mpaka adhuhuri, Bi Mashavu ndani ya gari, Bwana Mzamilu kwenye benchi la wageni ambalo hakuwahi kulikalia tangu apate cheo. Hatimaye Mheshimiwa Kishindo alitoka, amevaa koti lenye antena ndogo ya dhahabu kifuani.

"Shimo halina kosa," alisema baada ya kumsikiliza. "Umeamuru Semeni anyamaze, na Semeni amenyamaza. Unataka nini zaidi?"

"Mheshimiwa, huyu ni mwanangu. Siye tuliyemkusudia."

"Lakini wewe mwenyewe ulituambia wajina ni mtu mmoja. Nilipiga makofi, unakumbuka? Mtukufu alipiga makofi. Sasa unataka nimwambie Mtukufu alipigia makofi nini?"

"Basi atolewe tu, kimyakimya."

"Utaratibu upo. Aliye shimoni apige simu mwenyewe, aombe kutolewa."

"Mheshimiwa, aliye shimoni simu yake haitoki."

"Ndiyo maana mpaka leo hatujapokea lalamiko hata moja," alisema Mheshimiwa Kishindo kwa fahari, akarudi mazoezini.

Mhandisi Pazi alimfuata Mkurugenzi hadi kwenye ngazi. Alitazama nyuma, kisha akasema harakaharaka. "Asiitike. Mnara unalichimba shimo upya kila alasiri kwa kumfuata anavyoitika. Akikosa kuitika Mwito mmoja tu, utampoteza, na shimo litafumuka palepale. Mwambie asiitike."

"Kutoitika ni uhaini."

"Ni uhaini, ndiyo," alisema Pazi. "Na mimi sijasema kitu."

*

Huko Dungu shimo waliliona kwa mbali kabla hawajaiona nyumba. Watu wa kijiji kizima walikuwa wamesimama duara pana kuizunguka nyumba ya mwalimu, kila mmoja na simu mkononi, kila mmoja akipima kwa unyayo mahali mtandao unapokwisha. Wanawake walikuwa wanalia. Hakuna aliyevuka.

Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama nje ya duara, injini inanguruma. Mwalimu Faraji alikuwa amelikimbilia kwa miguu hadi wilayani, akaja nalo, na sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya dereva.

"Kaka, siwezi," dereva alikuwa akisema, na machozi yanamtoka. "Gari hili linafuatwa kwa simu, na sanduku la dawa lililomo vilevile. Likipotea kwenye mtandao hata kidogo, kesho mimi ndiye wa shimoni. Nina watoto. Niletee mgonjwa hapa nitampeleka."

"Habebeki! Damu zinamtoka, kila tukimwinua zinazidi. Dawa za kuzuia damu unazo wewe humo ndani."

Bi Mashavu hakusikiliza hata hayo. Alipita katikati ya watu mbio, kanga moja ikabaki njiani. Bwana Mzamilu alimfuata. Alipovuka ule mstari usioonekana, simu yake mfukoni ilitetemeka mara moja ikafa.

Ndani palikuwa na Semeni juu ya mkeka, rangi imemtoka, na kando yake mwanamke wa mvi aliyefunga kanga kifuani, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Alikuwa Bi Semeni Mwosha. Alikuwa ameiacha simu yake nyumbani, akavuka mto kwa miguu, akafika mapema kuliko baba mwenye gari.

"Mtoto ameshatangulia mbele ya haki," alisema bila kuinua uso. "Mama yake bado yupo. Nimezoea kuwapokea wakishapoa, huyu ana joto bado. Akipata dawa atakaa. Kwa nini lile gari haliji?"

Bwana Mzamilu alimweleza, maneno yakigongana. Alimwambia aliyoyasema Pazi. Alasiri ilikuwa imekaribia, na wakinyamaza Mwito utakapokuja, shimo litafumuka, mtandao utarudi, gari litaingia.

"Basi ni jambo dogo," alisema Bi Semeni. Aliichukua simu ya binti kutoka dirishani akampa. "Kisima kiko uani. Kaitupe."

Aliipokea, akaenda nayo hadi mlangoni. Kule mbele watu wote wa duara waligeuka kumtazama. Dereva wake wa Wizara, amesimama kando ya gari, alimpigia saluti. Bwana Mzamilu aliwaza kwamba kuharibu simu ni kutoboa sikio la Mtukufu. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe, yako ukurasa wa kwanza wa sheria. Aliwaza watamwona. Akasimama pale kizingitini, mahali binti yake alipokuwa akisimama kila alasiri, akarudi ndani na simu mkononi.

"Nitaishika tu," alisema. "Hatutaitika. Inatosha."

Bi Semeni alirudi kwenye kazi ya kuzuia damu. Bi Mashavu alikuwa amekipakata kichwa cha mwanawe, hakusikia.

Huko ikulu, Mtukufu Msikivu alijinyosha, akaamka.

"Semeni!" simu iliita.

Ilikuwa sauti ya upole, sauti ya baba anayemwita mtoto aje ale. Bwana Mzamilu aliikandamiza simu kifuani kwa mikono miwili ili kuiziba sauti, na sauti yake ikamtoka kifuani kama kwamba ni yeye anayesema.

"Semeni!"

Binti alifumbua macho. Alimwona baba yake amesimama mbele yake, akafurahi. Alikusanya pumzi zote alizokuwa amebakiwa nazo, maana hakuwahi kuitwa na baba yake akanyamaza.

"Abee, baba," aliitika.

Nje, dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amenyanyua simu yake juu akingoja. Aliitazama, akaitikisa, akaitazama tena. Kisha akatikisa kichwa, na watu wa duara wakaanza kuomboleza kabla ya wa ndani.

*

Jua lilikuwa bado juu kidogo alipokata roho. Bi Semeni Mwosha aliomba maji, akatoa pamba na kafuri kutoka kwenye ndoo yake, akamwambia Bi Mashavu abaki amshike mwanawe mkono. Bwana Mzamilu aliambiwa atoke.

"Nenda nje, baba. Hapa ni mimi na wajina wangu."

Alitoka. Mwalimu Faraji alikuwa amekaa chini uani, na Bwana Mzamilu hakuthubutu kumkaribia. Alitembea tu mbele, bila kujua anakwenda wapi, na watu wa duara wakampisha. Alipovuka mstari, simu yake mfukoni ilifufuka, ikaanza kulia papo hapo. Alikuwa Mheshimiwa Kishindo, na nyuma yake ngoma za mazoezi zilikuwa zinasikika, kila mpigo safi, manyanga yanahesabika.

"Mkurugenzi! Nimewauliza vijana wa mnarani kuhusu yule binti yako. Ulikuwa unahofu bure. Leo ameitika vizuri kuliko siku zote, wanasema muitiko wake umeshinda wa nchi nzima. Mtukufu amefurahi. Sasa rudi upesi, sherehe inakungoja wewe ukatamke majina. Unanisikia?"

Bwana Mzamilu alitazama juu mlimani. Antena zilikuwa zinameremeta, na chini yake lile bango lilisomeka vizuri hata kwa mtu aliyesahau miwani. Alifungua kinywa kusema neno, na neno alilokuwa nalo lilikuwa moja tu.

"Mkurugenzi Mzamilu!" iliita simu.

"Labeka," aliitika.